Modemu ya pili nyumbani: inasaidia nini, haisaidii nini



Siku hizi watu wengi wanafika kwenye meza ya habari na swali moja. Wana modemu moja nyumbani au kwenye kikundi, mtandao unakwenda polepole, nao wanataka kuchanga pesa wanunue ya pili. Wanasema: kama moja inavuta hivi, mbili zitavuta mara mbili. Somo la leo linajibu swali hilo.

Sisi hapa Nakivale mambo mengi yanatufikia kwa njia ya simu. Kuna ndugu waliobaki Kivu, kuna waliokwenda Marekani na Kanada. Kuna mwanafunzi wa masomo ya mbali ambaye lazima atume kazi yake Jumapili kabla ya saa sita usiku. Kuna mtu aliyepewa saa ya mahojiano ya video, na akikatika katikati hajui atapewa saa nyingine lini. Kwa hiyo hatuwezi kusema mtandao ni mchezo wa vijana. Lakini modemu pia ni pesa, na msaada tunaopata leo ni mdogo kuliko wa zamani. Ndiyo maana tunataka mjue kwanza, halafu mnunue. Au msinunue.

Soma polepole. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

MODEMU INAFANYA KAZI GANI

Kompyuta na simu zinaandika kila kitu, sauti, picha na barua, kwa alama mbili tu: 0 na 1. Hewa na waya hazibebi alama hizo jinsi zilivyo, zinabeba mawimbi. Modemu ni chombo kinachopandisha alama juu ya wimbi zikiondoka, na kuzishusha zikifika. Kazi yake ni hiyo tu.

Katika miaka ya 1990 modemu nyingi za nyumbani zilitumia waya wa simu ya mezani. Zile zenye kasi kubwa, mwishoni mwa miaka hiyo, zilifika kilobiti 56 kwa sekunde, jambo la kuchekesha kwa kijana wa leo. Mtu mwenye laini mbili za simu nyumbani aliweza kufunga modemu mbili na kuziunganisha zikawa kama moja. Kanuni ya kufanya hivyo ilichapishwa Agosti 1996, na ilifanya kazi kweli: faili moja iligawanywa vipande, vingine vikapita laini hii, vingine laini ile. Lakini kulikuwa na sharti. Kampuni ya intaneti, kule upande wa pili, ilipaswa kukubali na kuwa na mashine ya kupokea vipande na kuvipanga upya. Kampuni isipokubali, modemu mbili zilibaki mbili. Shika sana jambo hili, kwa sababu hata leo ndilo linaloamua.

Modemu zetu za leo zinatumia laini ya simu ya mkononi. Kuna ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, kuna ya mfukoni yenye betri yake, na kuna sanduku lenye antena ambalo wengi wanaliita rauta. Ndani ya sanduku hilo kuna vyombo viwili: modemu inayoongea na mnara, na kigawaji kinachotoa waifai kwa simu za watu. Hata simu yako ya tachi ni modemu. Ukiwasha sehemu ya kugawa intaneti, simu inafanya kazi ileile ya sanduku. Tutarudi kwenye simu hiyo, maana inaweza kukuokolea pesa zote za modemu.

BOMBA MBILI NA JERIKANI MOJA

Fikiri bomba la maji pale kijijini. Kuna bomba moja na foleni ya jerikani ishirini. Wakifunga bomba la pili pembeni, foleni itakwenda haraka, watu wawili watachota kwa wakati mmoja. Lakini jerikani yako wewe, ikishafika chini ya bomba, itajaa kwa muda uleule wa jana. Jerikani moja haikai chini ya bomba mbili.

Modemu mbili ni hivyohivyo. Simu moja ya video ni jerikani moja. Faili moja ni jerikani moja. Inapita kwenye modemu moja tu, na kasi yake ni ya modemu hiyo.

Tufanye hesabu. Bando linapimwa kwa megabaiti, lakini kasi inapimwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Watu wengi wanachanganya hapo na kudhani wameibiwa. Tuseme una faili ya megabaiti 30, yaani megabiti 240. Modemu yako inavuta megabiti 2 kwa sekunde. Utangoja sekunde 120, dakika mbili. Ukiongeza modemu ya pili yenye kasi ileile, bado utangoja dakika mbili. Lakini kama dada yako naye anavuta faili yake saa hiyohiyo, hapo kuna tofauti: kwa modemu moja mnagawana, kila mmoja anapata megabiti 1 na kungoja dakika nne, kwa modemu mbili kila mmoja anamaliza kwa dakika mbili.

Basi modemu ya pili inapunguza foleni. Kama nyumbani kwako hakuna foleni, yaani unatumia mtandao peke yako na bado unakwama, modemu ya pili haitakuponya, isipokuwa kwa sababu moja tutakayoeleza chini.

Kuna watakaosema wameona programu inayounganisha modemu mbili ziwe kasi moja. Ni kweli zipo. Lakini zinafuata sharti lilelile la 1996: lazima kuwe na seva upande wa pili inayopanga vipande, na kukodi seva hiyo ni malipo ya kila mwezi juu ya bando. Kwa nyumba za kwetu sioni faida yake.

KWANZA TAFUTA PALIPOKWAMA

Mtu akiumwa tumbo hatumpi dawa ya macho. Mtandao polepole ni ugonjwa wenye sababu nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Chukua siku tatu, uandike kwenye daftari. Usitegemee kukumbuka.

Pima mara tatu kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana, na saa mbili usiku. Kupima ni rahisi, fungua fast.com na ungoje namba itulie. Kipimo hicho nacho kinakula bando, kwa hiyo usikirudie kama mchezo. Ukipima, zima simu nyingine zote, na ukae karibu na modemu.

Kama alfajiri inakwenda vizuri na usiku inakufa, shida ni mnara. Watu wote waliounganishwa na upande huo wa mnara wanagawana nguvu yake, na usiku kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi. Hapa modemu ya pili ya kampuni hiyohiyo ni kama kuleta jerikani nyingine kwenye bomba lilelile. Utapata kidogo zaidi, lakini unachopata kinatoka kwa jirani yako, na kesho jirani naye atanunua ya pili. Modemu ya kampuni nyingine inaweza kusaidia, kama mnara wao haujajaa saa hizo.

Kama ni mbaya saa zote, hata alfajiri, basi modemu haisikii mnara vizuri. Fungua ukurasa wa modemu yako kwenye simu (anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya sanduku) na utafute nguvu ya mawimbi. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele, kwa mfano -112. Isome kama deni: deni dogo ni afadhali. Kwenye -85 mambo ni mazuri, kwenye -100 ni ya kawaida, ukipita -115 unahangaika. Sasa hamisha modemu. Nyumba nyingi zetu zina mabati juu, na bati linazuia mawimbi sana. Modemu iliyowekwa juu ya kabati, chini ya bati, nyuma ya sufuria, inasikia kwa shida. Ipeleke dirishani upande wa mnara. Jaribu na upande mwingine. Wenye nyumba za plastiki kwa mara moja wana bahati, plastiki haizuii kitu.

Usidharau kazi hii ya kuhamisha. Ukitoka -112 ukafika -100, nguvu inayoingia imekuwa kama mara 16. Hakuna modemu ya pili itakayokupa hivyo, na hujatoa hata shilingi moja. Kwa maoni yangu, nusu ya watu wanaokuja na swali hili wangeenda nyumbani wakahamisha sanduku lao, tusingewaona tena.

Kama mtandao ni mzuri ukiwa peke yako na mbaya mkiwa wengi, tazama kwanza simu zinafanya nini. Simu nyingi zinasasisha programu zake zenyewe zikiona waifai, usiku na mchana, bila kumwuliza mwenyewe. WhatsApp inapakua kila video ya kila kundi. Ingia kwenye mipangilio ya simu uzime kupakua kwenyewe, kila simu moja moja, na simu za wageni pia. Mkifanya hivyo na bado mnabanana, basi nyumba yenu ina foleni ya kweli, na modemu ya pili ina maana.

Jambo la mwisho la kutazama ni bando. Baadhi ya bando zinapunguzwa kasi ukifika kiasi fulani, nawe unalaumu mnara. Soma ujumbe wa kampuni kabla ya kuufuta.

USINUNUE KABLA YA KUJARIBU NA SIMU

Sasa turudi kwenye simu. Katika kikundi chenu lazima yuko mtu mwenye laini ya kampuni nyingine. Mwombeni aweke bando dogo, mlipie ninyi, na agawe intaneti kwa simu yake kwa wiki moja. Nusu ya watu wakae kwenye modemu, nusu kwenye simu. Pimeni saa zilezile, saa kumi na moja, saa saba na saa mbili usiku. Mwisho wa wiki daftari litawaambia kama kampuni ile ya pili inafaa pale mnapokaa. Kijiji kimoja na kingine hapa havifanani. Rafiki wa Rubondo akikusifia kampuni yake, usikimbilie kuinunua wewe wa Base Camp.

Na inawezekana mkaona kwamba simu ile inatosha. Kama shida yenu ni saa mbili tu za jioni, au kazi ya kutuma kila Jumapili, simu ya mtu yenye bando la siku ni modemu yenu ya pili tayari. Simu inayogawa intaneti inapata moto na betri yake inakwisha haraka, basi iwekeni kivulini na kwenye chaja, wala isilazwe juu ya godoro.

AKIBA SIKU YA SHIDA

Tulisema kuna sababu moja ambayo hata mtu mmoja, asiye na foleni, anaweza kutaka modemu ya pili. Ni kuwa na akiba. Modemu ya kwanza ikikatika, anahamia ya pili. Yule wa mahojiano ya video, yule wa mtihani, kwao hili linaweza kuwa na maana kuliko kasi.

Lakini akiba ni akiba tu kama njia mbili haziharibiki pamoja. Laini mbili za kampuni moja zitakufa siku moja. Laini za kampuni mbili ni afadhali zaidi, ila mara nyingi kampuni mbili zinakodi mnara mmoja, na mnara huo ukikosa umeme zote mbili zinaondoka. Tazama mnara ulio karibu nawe. Waulize wanaokaa chini yake.

Tena kuna matatizo yanayopita juu ya kampuni zote. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao ukazorota Kenya, Uganda, Tanzania na kwingine. Uganda haina bahari, intaneti yake nyingi inafuata nyaya zinazofika pwani za majirani. Na jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Mtu mwenye modemu kumi siku hizo alikuwa sawa na asiye na hata moja. Kwa hiyo kama una saa ya mahojiano, toa pia namba ya simu ya kawaida ya kupigiwa, ambayo haihitaji intaneti, na uliza mapema: nikikatika, nifanye nini? Swali hilo ni bure, na wenye kuhoji wamezoea kulijibu.

MKIAMUA KUNUNUA

Nunueni ya kampuni ile mliyoijaribu kwa simu. Ulizeni kama sanduku limefungwa kwa kampuni moja tu au linakubali laini zote. Lililofungwa huwa na bei ndogo, lakini siku kampuni hiyo ikiharibika kijijini kwenu mtabaki na sanduku la kuwekea mishumaa. Jaribuni dukani, mkiwa na laini yenu ndani, kabla ya kutoa pesa.

Laini iandikishwe kwa jina la mtu anayejulikana na kikundi. Tangu mwaka 2019 mkimbizi aliyeandikishwa Uganda anaweza kuandikisha laini kwa jina lake mwenyewe, kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Usinunue laini iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu usiyemjua. Yeye anaweza kuifunga siku yoyote na bando lako ndani. Na wewe unayetoa jina lako, jua kwamba yanayopitishwa na laini hiyo yatatafutwa kwako. Neno la siri la waifai lisiandikwe ukutani.

Namna ya kuzifunga mbili: njia rahisi ndiyo nzuri. Kila sanduku libaki peke yake, na jina lake la waifai. Lipe moja jina la Masomo na lingine Nyumbani, au majina mnayopenda, bora yasifanane. Kisha mgawane: wanaosoma na wenye kazi ya kutuma wanakaa Masomo, wengine Nyumbani. Moja likikatika, mtu anabadilisha jina kwenye simu yake na kuendelea. Hakuna waya, hakuna fundi. Tenganisheni masanduku hayo, moja dirisha hili, lingine chumba cha pili, kwa sababu yakikaa bega kwa bega waifai zao zinasumbuana. Kwenye ukurasa wa kila sanduku kuna sehemu ya chaneli. Moja liwekwe 1, lingine 6 au 11. Chaneli hizo tatu hazigusani.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchukua waya na kuunganisha sanduku kwa sanduku, ukitumaini nguvu zitajumlika. Matokeo yake mara nyingi mtandao wote unakufa. Eleza hivi: kila sanduku ndani ya nyumba linajiona mwenyekiti wa kijiji, na kazi yake ni kugawa namba za nyumba kwa simu zinazoingia. Ukiunganisha wenyeviti wawili, wote wanagawa namba, simu mbili zinapewa namba moja, hakuna anayejua barua ni ya nani. Mara nyingi hata masanduku yenyewe yana anwani moja, kwa mfano 192.168.8.1 yote mawili, kama watu wawili wa jina moja katika nyumba moja. Umeshafanya hivyo? Toa waya, zima yote mawili, washa moja moja. Hakuna kilichoharibika.

Kipo chombo cha kuunganisha kwa waya kwa haki yake. Ni rauta yenye milango miwili ya kuingizia intaneti. Modemu zote mbili zinachomekwa hapo, rauta ndiyo inakuwa mwenyekiti mmoja, na kila modemu inapewa anwani yake: moja 192.168.8.1, nyingine 192.168.9.1. Rauta hiyo unaweza kuiamuru kwa namna mbili. Ya kwanza, itumie modemu moja, ikikatika ihamie nyingine yenyewe. Ya pili, igawe watu kwenye modemu zote. Namna ya pili ina kero yake: kurasa za benki na za shule wakati mwingine zinaona umekuja kwa njia mbili, zinadhani ni mwizi, zinakutoa nje. Kwa shule au kituo chenye kompyuta kumi, rauta hii inafaa. Kwa nyumba yenye simu sita, majina mawili ya waifai yanatosha kabisa.

UMEME NA PESA

Watu wanahesabu bei ya modemu na kusahau betri ya sola. Geuza chaja ya sanduku usome. Ukikuta volti 12, ampea 1, ujue haitakula zaidi ya wati 12. Tuseme betri yako ni volti 12, ampea-saa 50. Zidisha, unapata wati-saa 600. Betri ya asidi usiimalize, tumia nusu tu ikae miaka, kwa hiyo una 300. Taa mbili za wati 5 kwa saa tano ni 50. Kuchaji simu tano, weka 75. Zinabaki 175. Sanduku moja kwa saa nane ni 96, unabaki na ziada. Masanduku mawili kwa saa nane ni 192. Umepita, na siku za mawingu utapita zaidi. Wanaofunga modemu ya pili na kuona taa zinafifia saa tatu usiku hawakurogwa. Dawa yake ni kuzima sanduku la pili mpaka saa za foleni, au kuchukua modemu ya mfukoni yenye betri yake.

Kuhusu bando, kumbuka kwamba bado ni bando mbili. Modemu ya pili haileti megabaiti, inafungua tu mdomo wa pili wa kuzila. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya bando za intaneti Uganda, ambao tunaulipa sote ndani ya bei. Bando la mwezi lisipokwisha linaweza kupotea siku yake ikifika, soma masharti. Kwa modemu ya akiba ni bora bando dogo la siku, linunuliwe siku ya kazi, kuliko la mwezi linalolala.

Na mchango uandikwe. Nani amechanga, nani anaweka bando mwezi huu, sanduku linakaa kwa nani. Hapa nasema kama mtu anayetembea nyumba kwa nyumba: sanduku la kikundi likikaa chumbani kwa kijana mmoja, wasichana waliochanga hawaendi kulitumia saa mbili usiku, na wazazi wao hawatawaruhusu. Wamelipa, hawasomi. Kama mnaongeza la pili, hilo liwekwe nyumbani kwa mama anayeheshimika, au mahali ambapo msichana anaweza kukaa bila maneno. Mpango huo kwanza, chaneli baadaye.

MAZOEZI

Fanyeni pamoja kwenye kikundi, kisha mtazame majibu.

1. Mama ana faili ya megabaiti 15 ya kutuma. Modemu yake inapandisha megabiti 1 kwa sekunde. Atangoja muda gani? Akiongeza modemu ya pili ya kasi ileile?

2. Kikundi kinapima megabiti 9 alfajiri na megabiti 1 saa mbili usiku, wakiwa na simu moja tu imewashwa. Mmoja anataka modemu ya pili ya kampuni ileile. Mtamwambia nini?

3. Modemu inaonyesha -116 kwenye kabati na -103 dirishani. Wapi pazuri?

4. Betri yenu imebaki na wati-saa 100 saa kumi na mbili jioni. Mna masanduku mawili ya wati 12. Yakiwaka pamoja yatadumu saa ngapi?

Majibu. La kwanza: megabiti 120, sekunde 120, yaani dakika mbili, na ya pili bado ni dakika mbili, kwa sababu faili ni moja. La pili: mnara umejaa usiku, wajaribu kwanza simu ya kampuni nyingine saa mbili usiku, au wahamishe kazi nzito ziende alfajiri. La tatu: dirishani, deni ni dogo. La nne: saa nne na kidogo, mpaka karibu saa nne na dakika kumi usiku, likiwaka moja, zaidi ya saa nane.

Mwenye daftari la siku tatu alilete mezani tulisome pamoja. Asiye nalo tutampa karatasi ya mistari.